Kabla ya Uji wa Saa Nne: Kupanga Mlo wa Asubuhi wa Mtoto Anayelelewa Kituoni

Mwanangu alipofikisha miezi minane, mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulilala. Miezi miwili mfululizo haukupanda. Muuguzi hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, asubuhi mtoto anakula saa ngapi, na nani anamlisha?" Nikajibu harakaharaka kwamba anakula kituoni. Jioni nilipomuuliza mlezi wake, naye akanijibu bila kusita: "Mama, mimi nilijua anakuja ameshakula."

Kila mmoja wetu alisema kweli kama alivyoijua. Nilikuwa namnyonyesha saa kumi na moja alfajiri, namvalisha angali na usingizi, namfikisha kituoni saa kumi na mbili na nusu ili niwahi daladala. Uji wa kituo ulikuwa ukitolewa saa nne. Piga hesabu mwenyewe: saa tano nzima kati ya ziwa na uji. Akilia saa tatu, alichovyewa biskuti kwenye chai ya rangi, akanyamaza. Uji ulipofika, hakuutaka.

Walezi wale walimpenda, nami mama yake nilimpenda. Tulichokosa ni mapatano. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mlo wa asubuhi wa mtoto wa kituoni huharibikia mlangoni, pale anapokabidhiwa, mara nyingi kuliko unavyoharibikia jikoni. Makala haya yanaeleza namna ya kuupanga mlo huo, kuanzia ziwa la alfajiri, unga na bakuli, hadi maneno ya kumwambia mlezi kabla hujageuka kwenda kazini.

Anza na saa

Kabla ya kufikiria sufuria, chukua karatasi uandike saa tano: anapoamka, mnapotoka nyumbani, anapopokewa, kituo kinapotoa uji, na unapomchukua. Kisha tazama mapengo. Kwa mtoto wa miezi sita hadi mwaka aliye macho, pengo la zaidi ya saa tatu hivi linahitaji kuzibwa.

Ratiba ya mtoto wa miezi minane, mama yake akiondoka alfajiri, inaweza kuwa hivi:

- Saa 11:00 alfajiri: ananyonya nyumbani, ziwa moja likiisha ahamie la pili.
- Saa 12:30: anakabidhiwa kituoni. Akiwa na usingizi, alale.
- Saa 2:00: mlo wa asubuhi uliotoka nyumbani, analishwa na mlezi mmoja anayejulikana.
- Saa 4:00: uji wa kituo kidogo, au tunda, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa.
- Saa 6:30 mchana: chakula cha mchana.

Angalia kilichotokea kwa uji wa saa nne. Umeshuka cheo, ukawa kitafunio. Mlo wenyewe umesogezwa saa mbili, wakati mtoto ana njaa lakini hajachoka kwa kulia. Mabadiliko hayo peke yake yanaweza kuwatosha watoto wengi.

Asiyefikisha miezi sita

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, bila maji wala uji, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Mama aliyeajiriwa hukwama kwenye kalenda. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Mtoto anabaki na zaidi ya miezi mitatu ya kunyonya tu huku mama amesharudi kazini.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya kwenda kunyonyesha wakati wa kazi, kwa muda usiozidi jumla ya saa 2 kila siku. Kenya nayo, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Ukifanya kazi jirani na kituo, omba muda huo kwa barua, na sehemu yake uiweke asubuhi. Ukiwa mbali, njia iliyobaki ni kukamua.

Nawa mikono kwa sabuni. Kamulia kwenye chombo cha kioo au cha plastiki ngumu chenye mfuniko, kilichooshwa na kuchemshwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25. Dar es Salaam, Mombasa au Tanga joto huzidi hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo usiyaache mezani. Kwenye jokofu hukaa hadi siku 4. Kwenye mfuko wa kutunza ubaridi wenye barafu zilizoganda vizuri hukaa hadi saa 24, na huo mfuko ndio wa kwenda nao kituoni.

Gawanya maziwa kwenye vyombo vidogo vidogo badala ya kimoja kikubwa, maana yaliyoguswa na mdomo wa mtoto yakabaki yatumike ndani ya saa 2, la sivyo yamwagwe. Kila chombo kiandikwe jina la mtoto, tarehe na saa ya kukamua. Mlezi ayapashe kwa kutumbukiza chombo kwenye bakuli la maji ya moto. Asiyachemshe jikoni wala kuyaweka kwenye maikrowevu, kwa sababu joto lake halienei sawasawa na linaweza kumuunguza mtoto. Ayanyweshe kwa kikombe kidogo. Kikombe huoshwa kikatakata; chupa ya chuchu ina mikunjo inayoficha uchafu, na ndiyo maana wahudumu wa afya wamekuwa wakiwashauri akina mama waiepuke.

Miezi sita na kuendelea: kiasi na uzito

Mwongozo wa WHO hupima kwa kikombe cha robo lita, kipimo ambacho kila nyumba inacho. Mtoto wa miezi sita huanza na vijiko vya chakula 2 hadi 3 kila mlo, akiongezwa taratibu mpaka nusu kikombe anapokaribia miezi minane. Miezi 9 hadi 11 abaki kwenye nusu kikombe, lakini milo iongezeke. Mwaka mmoja hadi miwili ale robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Kwa siku, mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji milo 2 au 3. Kuanzia miezi 9 anahitaji milo 3 au 4, pamoja na vitafunio mara moja au mbili.

Sasa tuje kwenye kosa linalofanyika kwa nia njema: uji mwepesi. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 hujaa kwa mililita 240, yaani kikombe kimoja tu hakijafika shingoni. Kikombe hicho kikiwa maji matupu yaliyopakwa rangi ya ulezi, mtoto atashiba kwa dakika chache na mwili wake hautapata kitu. Chota uji kwa kijiko, kisha ukiinamishe. Ukimwagika kama chai, ni mwepesi. Ukikaa kwenye kijiko na kudondoka pole pole, unafaa.

Mtoto akisumbuka na uji mzito, bibi zetu walikuwa na dawa yake, nayo ni kimea. Loweka ulezi, uuache uchipue, uanike ukauke kabisa, uondoe vichipukizi, kisha usage. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Uji utalegea mbele ya macho yako bila kuongezwa maji. Urudishe jikoni uchemke tena, kwa kuwa kimea hakiliwi kibichi. Bakuli ni lilelile, lakini unga ulio ndani yake ni mwingi zaidi.

Unga wa uji: usichanganye kila kitu

Madukani kuna unga wa lishe wenye orodha ndefu: mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi, soya, karanga. Nafaka sita kwenye mfuko mmoja zinabaki kuwa nafaka. Kazi yao kubwa ni ileile ya kutia nguvu. Tena mtoto akidhurika, hutajua ni kipi kilichomdhuru. Chagua nafaka moja au mbili. Kipimo rahisi ni vikombe vitatu vya nafaka kwa kikombe kimoja cha jamii ya kunde. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi huzuia mwili kusaga protini.

Kuhusu mahindi na karanga, naomba unisikilize kwa makini. Zisipokaushwa vizuri huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua zaidi ya watu 120, na chanzo kilikuwa mahindi. Kupika hakuiondoi. Chambua nafaka kwa mkono na macho kabla ya kwenda mashineni. Tupa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi isiyo yake, na usimpe kuku wako pia. Saga unga wa wiki mbili au tatu, usisage wa miezi mitatu, na uuhifadhi pakavu kwenye chombo chenye mfuniko. Karanga isage peke yake uiweke kando, uitie kwenye uji siku unayotaka.

Uji pekee hautoshi

Kuanzia miezi sita, madini ya chuma yaliyomo kwenye maziwa ya mama hayamtoshi tena mtoto, na uji mtupu hauwezi kuliziba pengo hilo. Kwa hiyo kila asubuhi bakuli liwe na vitu vitatu: cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, na tunda au mboga. WHO huhesabu makundi manane ya chakula cha mtoto, maziwa ya mama yakiwemo, na hutaka apate angalau matano kwa siku. Mtoto aliyenyonya alfajiri akala bakuli la namna hiyo amefikisha manne kabla ya saa tatu.

Mfano wa siku tano za kazi:

- Jumatatu: uji mzito wa ulezi na soya, na parachichi lililopondwa.
- Jumanne: viazi lishe vilivyopondwa pamoja na yai lililochemshwa likaiva hadi kiini, na papai.
- Jumatano: mtori laini wa ndizi na nyama iliyosagwa, ukiwa na karoti iliyoiva.
- Alhamisi: uji wa mchele wenye karanga iliyosagwa ikawa laini, na ndizi mbivu.
- Ijumaa: boga na maharage yaliyomenywa yakapondwa, kijiko kidogo cha unga wa dagaa, na chungwa lililotolewa mbegu na utando.

Unga wa dagaa ni hazina isiyo na gharama kubwa. Toa vichwa na mchanga, waoshe, wakaushe kabisa, wakaange bila mafuta, uwasage na kuchekecha. Mtungi mdogo unamtosha mtoto kwa wiki kadhaa. Tunda lenye vitamini C, kama chungwa, papai au embe, likiliwa pamoja na dagaa au maharage huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma.

Chakula kipya kianzie nyumbani siku ambayo uko naye, si kituoni. Yai, karanga, samaki, maziwa ya ng'ombe: mpe kimoja kidogo, umtazame siku mbili au tatu. Akivimba midomo, akitoka vipele au akikoroma kwa kukosa pumzi, mkimbize hospitali. Asipodhurika, ndipo umwambie mlezi kwamba chakula hicho sasa ruhusa.

Kukifikisha kituoni kikiwa salama

Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida. Vijidudu hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na uji vuguvugu uko katikati ya shamba lao. Una njia mbili.

Njia ya kwanza ni chupa ya chai inayotunza moto kweli. Ijaze maji yanayochemka kwa dakika tano, uyamwage, kisha utie uji ukiwa bado unatokota. Saa mbili, mlezi akifungua, mvuke utoke. Usipotoka, uji huo asipewe mtoto. Chupa ya uji isiwe ya chai ya watu wazima, na ioshwe kila siku kwa brashi hadi shingoni.

Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kupeleka unga mkavu uliopimwa wa siku tano, kila siku na kifuko chake, mlezi akaukoroga palepale. Inawezekana pale ambapo kituo kina jiko na maji safi. Ndizi na parachichi zipeleke na maganda yake. Hakuna kifungashio kilicho salama kuliko hicho. Yai liende na gamba lake, limechemshwa asubuhi hiyohiyo, na liliwe saa mbili bila kungojeshwa.

Mlezi achote kiasi cha kula na kukitia kwenye bakuli la mtoto. Kikibaki bakulini kimeshaguswa na mate. Kisirudishwe kwenye chupa wala kupashwa mchana. Mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 20, ya mlezi na ya mtoto.

Visivyofaa asubuhi

Chai, ya rangi au ya maziwa: tanini iliyomo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Asali kabla ya miezi 12: inaweza kubeba vimelea vinavyoleta sumu hatari kwa tumbo changa. Sukari na chumvi: mtoto wa chini ya mwaka hazihitaji, na uji wa kituo uliotiwa sukari kwa ajili ya wakubwa usiwe wake. Soda, juisi za pakiti na biskuti za kunyamazisha kilio huua hamu ya chakula.

Vitu vya kupalia navyo visimkaribie: karanga nzima, bisi, karoti mbichi, zabibu nzima, vipande vya soseji, pipi. Mtoto ale akiwa ameketi, akiwa macho, akitazamwa. Muulize mlezi kama anajua la kufanya mtoto wa chini ya mwaka akipaliwa hadi ashindwe kulia wala kukohoa: kumlaza kifudifudi juu ya mkono kichwa kikiwa chini, kumpiga mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kisha kumgeuza na kumsukuma mara 5 katikati ya kifua, akirudia mpaka kitu kitoke huku mwenzake akitafuta msaada. Kidole kisiingizwe kooni kutafuta kitu kisichoonekana.

Dakika mbili za mlangoni

Hapa ndipo tulipoanguka mimi na mlezi wangu, na hapa ndipo tulipoinukia. Unapomkabidhi mtoto, usiseme tu "habari za asubuhi, baki naye." Sema mambo manne: amelala vipi, amenyonya saa ngapi, amekula nini, na bado anadai nini. Mfano:

"Shikamoo dada. Ameamka saa kumi na moja, kanyonya maziwa yote mawili. Uji hajala. Umo kwenye chupa, na yai liko kwenye kikopo cha bluu."

"Marahaba mama. Nitamlisha saa mbili. Asipomaliza nikutumie ujumbe?"

"Tafadhali, na uniandikie kwenye daftari."

Daftari hilo liwe dogo, likae kwenye begi la mtoto, lenye safu nne: saa, chakula, kiasi, na hali yake. Mlezi asiyependa kuandika anaweza kukutumia ujumbe wa sauti kwa simu. Wewe uuandike jioni. Baada ya wiki mbili utaona mambo ambayo macho hayakuyaona: kwamba Jumatatu hali vizuri, au kwamba ndizi anaipenda kuliko papai. Siku ya kliniki lichukue pamoja na kadi.

Kubalianeni pia namna ya kulisha. Mtoto akifungua mdomo na kuinamia kijiko, ana njaa. Akigeuza uso na kuusukuma mkono, ametosheka au anaomba kupumzika. Asibanwe pua wala kushindiliwa. Mlezi mwenye watoto kumi hawezi kumlisha kila mmoja kwa subira saa ileile, kwa hiyo uliza mapema: saa mbili, wadogo wa chini ya mwaka hulishwa na nani, na wangapi kwa mkupuo?

Kabla hujamwandikisha

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe. Omba uone cheti, na ukikosa majibu, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakusaidia. Kisha nenda kituoni asubuhi, saa mbili, si jioni kunapokuwa kumetulia. Tazama jiko lilipo, maji yanatoka wapi, kama kuna sabuni, kama kila mtoto ana kijiko chake, na kama kuna jokofu linalofanya kazi. Uliza: "Naruhusiwa kuleta chakula na maziwa yangu ya kukamua?" Kituo kinachokataa moja kwa moja kimeshakujibu.

Mambo haya ukiyatazama yote kwa pamoja yanatisha. Usiyaanze yote kesho. Jioni ya leo piga hesabu ya mapengo, pima unga wa asubuhi moja, na ununue daftari. Kesho, mlangoni, yaseme yale mambo manne.

La kwetu bado ninalo. Ukurasa wake wa kwanza, kwa mwandiko wa haraka wa dada yule, una mstari huu: "Saa 2:10, uji na yai, kamaliza, kaomba tena."